Kusomewa Sheria ya Fujo



Darasani kwetu tulikutana na msemo wa Kiingereza uliowachekesha wanafunzi: "read the riot act". Neno kwa neno ni kumsomea mtu sheria ya fujo. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo sheria anaisoma wapi?" Siku hizi hakuna kinachosomwa. Maana yake ni kumkaripia mtu vikali na kumwonya aache kosa lake mara moja. Kwetu tungesema amepewa vidonge vyake.

Lakini zamani kweli ilisomwa. Uingereza, tangu mwaka 1715 enzi za Mfalme George wa Kwanza, watu 12 au zaidi wakikusanyika na kufanya fujo, hakimu alikuja akawasomea tangazo la mfalme kwa sauti kubwa, watawanyike. Walipewa muda wa saa moja. Aliyebaki baada ya hapo aliweza kuhukumiwa kifo. Sheria hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1973, ila msemo umebaki.

Sasa tuseme ukweli, somo hilo lilitugusa hata sisi walimu. Wiki iliyotangulia tulimfokea msichana mmoja mbele ya wenzake kwa sababu alichelewa siku tatu mfululizo. Hatukumuuliza kitu. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa vilevile. Tukaenda kwao. Kumbe mama alikuwa mgonjwa, na mtoto ndiye aliyekuwa anapanga foleni ya maji tangu alfajiri. Mama akatuambia taratibu, "Mwalimu, mngeuliza tu." Tulikosa la kusema. Tukamwomba msamaha yeye, na mtoto pia. Amesharudi darasani, na tumekubaliana aingie akishamaliza kuteka maji.

Sheria ile ilikuwa ya ukatili, hatuisifu. Hata hivyo, watu walitangaziwa kwanza, halafu wakapewa saa nzima. Sisi tulimnyima mtoto hata dakika moja.

Wazazi, maisha ya kambi yanachosha na hasira ziko karibu. Mtoto akikosa tumwonye, ndiyo malezi. Lakini kwanza tumuulize, na tumsikilize mpaka amalize. Sisi walimu tumeshaanza.