Kijani Si Pambo



Juma hili, tulipokuwa tukipanga upya vitabu vyetu, tulikutana na kijisanduku ambacho hatukukifungua kwa miaka mingi. Ndani yake mna mlingoti mwembamba wa chuma, urefu wake nusu shubiri, wenye mkono mweupe uliopakwa rangi nyekundu pembeni. Ni ishara ya reli. Si ya reli ya kweli, bali ya ile reli ndogo ambayo watu wa Ulaya huijenga ndani ya nyumba zao.

Tulipokuwa masomoni nchini Ujerumani, tulisaidia huduma katika parokia moja ya mji mdogo. Mzee mmoja mjane, aliyefanya kazi maisha yake yote katika kibanda cha kuongozea treni, alitualika kwake baada ya Misa. Akatushusha katika chumba cha chini ya nyumba, akawasha taa. Kumbe mlikuwa na nchi nzima! Vilima, daraja, stesheni, kijiji chenye nyumba 30, na treni ikipita katikati, vyote vikiwa vimepunguzwa mara 87. Kwa kipimo hicho, mtu mzima ana urefu wa sentimita mbili tu.

Tangu siku hiyo tukawa wanafunzi wake kila Jumamosi. Alitufundisha kutandaza kokoto kati ya mataruma, kisha kudondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na kutiwa tone la sabuni ya vyombo, ili ipenye badala ya kujikusanya juu. Alitufundisha kufinyanga vilima kwa wavu wa waya na jasi, na kusimamisha majani ya bandia kwa nguvu ya umeme tuli. Alituonyesha pia kwamba nyumba ya plastiki hupakwa rangi nyeusi kwa ndani kabla ya kutiwa taa, la sivyo kuta zake zitang'aa kama kibatari. Wala usiwashe madirisha yote, alisema, kwa maana hakuna kijiji ambacho watu wote wako macho.

Lakini pale ilipohusu ishara, mzee hakuwa na mzaha. Katika ishara za kale za Ujerumani, mkono ukilala, treni isimame, ukiinuka, ipite. Usiku, kioo chekundu au cha kijani husogea mbele ya taa. Yeye alikuwa ameunganisha nyaya zake kwa namna ambayo mkono haukuweza kuinuka mpaka reli iwe imeelekezwa kwenye njia iliyo tupu. Na mkono ulipolala, kipande cha reli kilichotangulia ishara kilikosa umeme, hata treni ikasimama yenyewe.

Jumamosi moja, alipopanda juu kutengeneza kahawa, sisi tulitamani kuiona taa ya kijani katika giza. Tukaruka nyaya zake, tukaupeleka umeme moja kwa moja kwenye mota ndogo ya ishara. Mkono ukainuka, kijani kikang'aa, nasi tukafurahi. Treni nayo ikatii. Ikaondoka, ikaingia njia ya pembeni, ikayagonga mabehewa ya makaa yaliyoegeshwa huko. Kichwa cha treni kikaanguka sakafuni.

Mzee alishuka, akakiokota, akakifuta kwa kitambaa. Hakufoka. "Padre," alisema, "kijani si pambo. Ni neno unalompa mtu asiyeweza kuona yaliyo mbele yake. Kwanza tengeneza njia, ndipo uinue mkono."

Tulitubu kwa haraka, kama watubuvyo vijana. Na tulipoagana jioni ile, tukiwa mlangoni, tukamwambia: "Baada ya Pasaka tutakuja tukitie taa kijiji chote." Uso wake ulichangamka. Alisema atanunua taa zenye mwanga wa joto, zisizo na weupe wa hospitali.

Hatukuwa tumetazama kalenda. Baada ya Pasaka ikaja mitihani, kisha tasnifu, kisha tukahamishiwa mji mwingine. Tulituma kadi. Tulirudi majira ya Majilio, tukakuta mlango umefungwa. Mzee alikuwa ameanguka ngazini wakati wa kiangazi, na sasa aliishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ile nchi yake ilikuwa imevunjwa vipande na kuuzwa katika masanduku.

Tulimfuata huko. Hakutulaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Alifungua mtoto wa meza, akatukabidhi kijisanduku hiki, akauliza: "Je, umekwisha kujifunza kulehemu nyaya?" Tukajibu kwamba bado. Kando ya kitanda chake tuliona pakiti ya taa ndogo, haijafunguliwa. Mwaka uliofuata aliaga dunia, nasi tulikuwa tumekwisha kurejea nyumbani.

Ndugu zangu, sisi mapadre tuna mkono mwepesi sana wa kuinuka. Tukiwa mlangoni mwa kanisa, watu wakiwa wametuzunguka, tunasema "nitapita", "nitakuja", "wiki ijayo", na kijani kinang'aa vizuri usoni mwa anayetusikiliza. Yeye huanza safari palepale. Hufagia uani, huazima kiti, husikiliza kila pikipiki inayopita. Sisi tulitaka tu kumfurahisha kwa dakika ile.

Yuko bibi mmoja kigangoni ambaye tulimwambia hivyo majuma matatu yaliyopita. Tunaandika haya Ijumaa usiku. Tumefungua kalenda, tumefuta kikao cha kesho asubuhi, na tumetia mafuta katika pikipiki. Ishara ya mzee tumeisimamisha juu ya meza yetu, mkono wake umelala.

Tunawatakieni Dominika njema.