Majedwali Matupu

Profesa wetu hakupokea pendekezo la utafiti lisilo na majedwali. Majibu hatukuwa nayo bado, na hakuyataka. Alitaka majedwali matupu. Uchore safu, uandike vichwa vyake, umri huku, jinsia kule, saa zilizopita tangu dalili zianze mpaka mgonjwa afikishwe hospitali, kisha visanduku uviache wazi. Ukishindwa kuchora, alikurudishia karatasi zako bila hata kukaripia. "Bado hujajua unachokitafuta, Daktari. Nenda kalale, urudi Alhamisi."

Alituita wote Daktari, hata wale wa mwaka wa tatu ambao walikuwa bado wanasikiliza moyo upande usio wake.

Hapo ni Muhimbili. Niliingia mwaka 2009, chuo kikiwa na miaka miwili tu tangu kiwe chuo kikuu kamili, na wazee wa pale walikuwa bado wanakiita kwa jina la zamani. Shahada ya udaktari ilikuwa miaka mitano, na ndani yake ulitakiwa kufanya utafiti mdogo na kuuandikia ripoti. Wengi tuliuchukulia kama kikwazo cha kuruka. Ripoti za waliotutangulia zilizunguka mabwenini kama desa nyingine zote: unabadilisha mwaka, unabadilisha jina la wodi, unapiga chapa, unafunga kwa plastiki, unakusanya. Wasimamizi wengine walijua na kunyamaza. Walikuwa na raundi, kliniki, vikao, na watahiniwa wa ubingwa waliokuwa wakiwasubiri mlangoni. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza alikuwa mkiani mwa foleni hiyo.

Mimi nilipangiwa huyu wa majedwali. Nilimwamkia, nikamweleza kwa fahari kwamba nataka kujua kwa nini watu wa Dar es Salaam wanaugua kiharusi.

"Hilo ni swali la serikali," alisema. "Swali lako limelizidi bumu lako. Niletee swali ambalo rejista ya Mwaisela inaweza kulijibu."

Mwaisela ndilo jengo lenye wodi za magonjwa ya ndani. Ilinichukua muda kukubali kwamba swali dogo si swali la kijinga. Mwishowe nikabaki na hili: wagonjwa wa kiharusi wanachelewa kiasi gani kufika, na wamepitia wapi kabla ya kufika? Lilikuwa swali lenye uzito, kwa sababu matibabu ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo yana saa zake. Zikipita saa nne na nusu tangu dalili zianze, dawa ileile inayoweza kumwokoa mtu inaweza kumvujisha damu kichwani. Zaidi ya hapo, lilikuwa swali ambalo mtu mmoja mwenye kalamu na daftari angeweza kulimaliza.

Kibali cha maadili kilipopatikana ndipo nilipoijua masjala ya mafaili. Vumbi lake nalikumbuka mpaka leo. Mafaili yamefungwa kwa kamba, mengine yamevimba kwa unyevu wa masika, mengine jalada lipo na ndani hamna kitu. Nilikuta wagonjwa wawili wenye majina matatu yanayofanana wakiwa wamechanganyiwa karatasi kwenye faili moja. Na saa ya kufika, ambayo ndiyo niliyoifuata mle, mara nyingi haikuwa imeandikwa kabisa.

Nilikwenda kwa Profesa nikiwa nimekata tamaa. Akachukua kalamu ya risasi, akaongeza mstari mmoja chini ya kila jedwali langu: *haikuandikwa*. Akaniambia nihesabu na hao. Hospitali inayojua shinikizo la damu la mgonjwa lakini haijui ameingia saa ngapi, hilo lenyewe ni tokeo, na msomaji ana haki ya kuliona. Nimesoma vitabu kadhaa vya mbinu za utafiti baada ya hapo. Kuna sura nzima zinazosema alichokisema kwa mstari ule, tena kwa ugumu zaidi.

Alikuwa na tabia nyingine iliyotuudhi. Ukishajaza fomu zako zote, anachomoa kumi bila kuchagua, anakutuma urudi masjala ukazilinganishe na mafaili. Zikitofautiana mbili tatu, unarudia rundo zima. Rafiki yangu aliyekuwa akichunguza majeraha ya moto kwa watoto alilia machozi ya kweli kwa jambo hilo. Sasa ni daktari bingwa wa upasuaji, na wanafunzi wake wanamlalamikia kwa kosa hilohilo.

Kompyuta nazo zilikuwa na mambo yake. Mwaka 2011 mgao wa umeme ulikuwa mkali, tukajifunza kuhifadhi kazi kila baada ya sentensi mbili. Programu ya takwimu tuliyoitumia wengi ilitembea kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Profesa hakutaka kuiona. Alituelekeza Epi Info, iliyokuwa ikitolewa bure na CDC ya Marekani, na kwa majarida alitusukumia maktaba kwenye HINARI, mpango ulioanzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili nchi kama zetu zisome majarida ya tiba bila kulipia. Neno la siri la kuingilia lilikuwa kwa mkutubi, naye alilitunza kama ufunguo wa stoo ya sukari.

Halafu ukaja mgomo wa madaktari wa mwaka 2012. Wodi zilipungua watu, nami nikataka kuziruka wiki hizo kimyakimya ili hesabu zangu zisiharibike. Akanizuia. Ziruke, alisema, lakini andika kwamba umeziruka, na uandike sababu.

Rasimu zangu alizirudisha zimejaa maneno mawili pembeni: "Umejuaje?" Kila nilipoandika kwamba wagonjwa wanachelewa kwa sababu ya imani za kishirikina, umejuaje? Kila nilipoandika kwamba elimu kwa umma itolewe, umejuaje kwamba hawana elimu, faili limekwambia? Ripoti iliyoanza ikiwa nene ikakonda, na nilipoisoma mara ya mwisho niligundua kwamba hakuna sentensi ndani yake ambayo nisingeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Siku moja, tukisubiri umeme urudi, alitusimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Mpemba alitengeneza aiskrimu na kuona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganya mambo. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoa mhadhara, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lile lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la *Physics Education*, na jina la Mpemba ndilo lililotangulia. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo hilo ni kweli na kwa nini. Profesa hakujali hilo. Alichotaka tukione ni mpangilio wa majina.

Alikuwa mkali sana kwenye majina. Wahariri wa majarida ya tiba wana masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi au katika kukusanya au kuchambua data, awe ameandika rasimu au kuikosoa kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa yote yaliyomo. Mkuu wa idara aliyesaini barua hana sifa hizo. Mfadhili naye hana. Kwenye kazi yangu jina langu lilikuwa la kwanza, la Profesa la mwisho, na kwa watu wa tiba nafasi ya mwisho si ya unyonge, ndipo anapokaa aliyeiongoza kazi.

Mwaka 2017 nilikwenda Marekani kutafuta ubingwa, na hapo nikaona sura nyingine ya mambo haya.

Daktari aliyesoma nje ya Marekani anahitaji cheti cha ECFMG, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1956 kupima madaktari wa kigeni. Kuna mitihani, inaitwa USMLE. Wakati wangu kulikuwa na mmoja wa kuwahoji na kuwapima waigizaji wanaojifanya wagonjwa, na ulifanyika katika miji mitano tu, yote ndani ya Marekani, hivyo viza na nauli vilikuwa sehemu ya mtihani. Ulifutwa rasmi mwaka 2021. Ukishapata cheti unaingia kwenye Match: wewe unapanga hospitali kwa kupenda kwako, hospitali zinawapanga waombaji, kompyuta inawaoanisha, na katika wiki moja ya Machi unajulishwa Jumatatu kama umepata, halafu Ijumaa umepata wapi. Kati ya cheti na Match, watu wengi kama mimi hutafuta nafasi ya utafiti, mara nyingi bila mshahara, ili wapate barua ya mapendekezo na orodha ya machapisho.

Chumba chetu cha utafiti kilikuwa na Wapakistani, Wamisri, Wasudani, Wavenezuela na mimi. Hatukuwa na faili hata moja. Tulikuwa na NIS, hazina ya Marekani ya taarifa za kulazwa hospitalini, ambayo kila mwaka hukusanya karibu taarifa milioni saba. Unaandika maelekezo, kompyuta inakoroma kidogo, majedwali yanajaa yenyewe. Kazi nyingine huanza hivyo, majedwali kwanza na swali baadaye, na kwa mwenye macho hilo huonekana. Sisemi hazina ile ni mbaya. Kuna kazi nzito zimetoka humo. Nasema kwamba tulikuwepo madaktari tuliochapisha ikisari juu ya magonjwa ambayo hatukuwahi kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa wake.

Kiongozi wetu, ambaye simtaji wala hospitali yake, alikuwa muungwana wa maneno na mwenye haraka. Mkutano ulikuwa wa robo saa. Msudani mmoja, kijana makini kuliko sote, alifanya uchambuzi wa kazi moja tangu mwanzo mpaka mwisho, na ilipotoka jina lake likawa katikati, baada ya watu ambao hatukuwahi kuwaona. Hakusema kitu. Barua ya mapendekezo ilikuwa bado haijaandikwa.

Aliyetufundisha hasa pale alikuwa mama wa takwimu, ambaye hakuwa daktari wala kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba wake. Alikaa nasi wakati wa chakula cha mchana, akatuuliza swali lilelile la Profesa, umejuaje, kwa Kiingereza cha Ohio.

Kwenye usaili wa kuingia ubingwa, waliouliza habari za utafiti walikuwa wachache. Wengi walitaka kujua kama nitaweza baridi.

Tangu mtihani wa kwanza wa USMLE uanze kutoa matokeo ya kufaulu au kufeli tu, Januari 2022, bila alama, waombaji wameng'ang'ania machapisho zaidi. Takwimu za Match zenyewe huweka ikisari, mawasilisho na machapisho katika idadi moja, kwa hiyo kazi moja mtu anaweza kuihesabu mara tatu. Biashara imejaa hapo. Unalipa ada, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wengi, unapewa makala kadhaa za kusoma na kuweka alama ya ndiyo au hapana, na jina lako linatoka. Wanaita ulezi wa kitafiti. Mimi naita duka. Anayelipa si mpumbavu. Ameona wenzake wana orodha ndefu, na hana mtu wa kumwonyesha rasimu.

Viza ya J-1 niliyosomea ubingwa humtaka daktari arudi kwao kwa miaka miwili akimaliza. Nilirudi mwaka 2022, miaka miwili ikapita, nikabaki. Wanafunzi wanaonijia siku hizi si wa vyuo vya hapa tu. Wapo vijana wetu waliosoma China, na nimempokea mmoja aliyeondoka Ukraine vita vilipoanza Februari 2022, masomo yakiwa njiani. Hawa wakirudi nyumbani ndio wanaokuwa madaktari wa kigeni katika nchi yao: hawazijui rejista zetu, hawana mwalimu wa zamani wa kumgongea mlango, na hakuna aliyewahi kuwaandikia "umejuaje" pembeni mwa karatasi. Wengi huniomba jambo moja, niwaweke kwenye makala yoyote niliyonayo. Nawapa karatasi tupu na rula. Baadhi hawarudi.

Wanaorudi wananishinda muda, nalisema wazi. Kusoma rasimu ya mwanafunzi hakuna posho, na rasimu ya kwanza ya mtu yeyote ni mateso. Kwa hiyo nawaomba mabingwa wenzangu, wa Muhimbili, Bugando, KCMC na kwingineko: msichukue wanafunzi kumi na tano ili majina yenu yatoke mara kumi na tano. Chukua mmoja au wawili. Soma kazi yake mpaka ukurasa wa mwisho, na ikitoka, jina lake litangulie lako. Na wewe mwanafunzi unayeombwa ada ili jina lako litoke, uliza kwanza ni nani atakayeisoma rasimu yako. Wasipokuwa na jibu, hela yako kaa nayo.