Sumaku ya mjomba iliyoniokoa Kiboriloni

Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita mlinikosa kwenye ukurasa huu juma zima. Mwenzenu nilikuwa Moshi, na sikwenda kutalii. Nilifuata baiskeli. Najua wapo watakaocheka: Dar yote hii imejaa baiskeli, huyu anapanda basi Mbezi alfajiri, anapita Chalinze, Korogwe, Same mpaka Himo, eti anafuata mtumba! Chekeni, ila sikilizeni kwanza yaliyonipata.

Mimi, ukiacha huku kuandika andika, asubuhi nasambaza mikate madukani Mbagala. Bila baiskeli hakuna mkate, na bila mkate hakuna mimi. Mwaka jana nilinunua moja ya gia, ya mtumba, fremu ya alumini, inang'aa kama sahani ya harusi, shokapu mbele na nyuma. Kijiweni wakanipa hongera zote. Haikumaliza miezi minne. Siku hiyo nimepakia kreti mbili, fremu ikakatika pale nyuma ya usukani, kah! kama muwa. Jino langu moja la mbele likabaki kwenye lami.

Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Akaweka moto, na badala ya kuunga, bomba likayeyuka likaacha tundu la kupitisha kidole gumba. "Dogo, hii siiwezi," akasema, na hela yangu akaikataa. Hapo nikajua laki mbili na ishirini zangu zimekwenda na maji.

Mama akanionea huruma, akanikopea laki mbili na nusu kwenye kikoba chake, marejesho kila Jumapili. Lakini akanipa onyo: "Ukinunua takataka nyingine, utakuja kikaoni uwaeleze akina mama mwenyewe." Nani anataka kusimama mbele ya akina mama wa kikoba? Ndipo nikamkumbuka mjomba wangu wa Moshi, fundi baiskeli tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Jino limekwenda wapi?"

Nikamweleza. Hakucheka. Asubuhi yake tukaenda Kiboriloni, soko la mitumba lililo kando ya barabara ya kwenda Himo. Mlima ulikuwa umejifunua wote, theluji yake juu, na chini yake watu wanagombea makoti, viatu na mablanketi. Tukapenya mpaka nyuma, kwenye lundo la baiskeli za gia zilizopangwa kama kuni.

Mjomba hakutazama gia wala rangi. Alitoa mfukoni kipande cha sumaku ya spika ya redio mbovu, akakigusisha kwenye fremu ya kwanza. Kikateleza. "Alumini." Ya pili kikateleza. "Alumini." Ya tatu, tap! kikang'ang'ania. "Chuma. Hii tutaongea nayo."

Kijana wa mtumba akaruka: "Mzee, hiyo ya kizamani! Mchukulie dogo hii hapa, nyepesi, ina shokapu." Mjomba akanivuta pembeni kunipa darasa, na darasa lenyewe nakugawia bure, msomaji.

Alumini ina uzito kama thuluthi ya chuma, ndiyo maana imependwa sana. Lakini na ukakamavu wake ni thuluthi, hivyo mabomba yake hufanywa manene ili yasipinde. Hapo hakuna kosa. Kasheshe iko kwenye kuchoka. Chuma kikitikiswa kidogo kidogo, bila kuvuka kiwango chake, kinaweza kuvumilia miaka nenda rudi. Alumini haina kiwango hicho. Kila shimo unalopita linaandikwa kwenye daftari lake, na siku daftari likijaa, fremu inakatika. Ukinunua mpya, daftari ni jeupe. Ukinunua mtumba, hujui mwenzako wa ng'ambo alishajaza kurasa ngapi.

Halafu kuna moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, tena bila kuwa nyekundu kwanza ikakuonya. Chuma hungoja mpaka karibu nyuzi 1,500. Kwa hiyo chuma kikipata ufa, fundi yeyote mwenye gesi na kijiti cha shaba anaweza kukiunga chini ya mwembe. Nikauliza hizo za titani na kaboni je? Mjomba akasema titani haishiki kutu na ni nyepesi kuliko chuma, ila bei yake ni ya wenye nazo. Kaboni ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Ikiumia ndani, jicho lako halioni kitu.

"Na usidharau za kizamani," akaniambia. "Hizi baiskeli zenyewe zilizaliwa kutoka kwenye kuukuu." Kumbe miaka ya 1970 vijana wa Marin, jirani na San Francisco kule California, walikuwa wakichukua baiskeli chakavu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, tairi nene, wakateremka nazo vilima vya kwao. Breki ilikuwa ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Ilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, na baada ya mteremko walilazimika kufungua gurudumu la nyuma na kujaza grisi upya. Ndiyo maana njia moja ya huko ikaitwa Repack, yaani kujaza upya, na mashindano yake ya kwanza yalikuwa Oktoba 1976. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mahususi kwa kazi ile, kwa kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza zilizoundwa na Tom Ritchey, na 1981 Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani, zikaenea. Zote hizo chuma!

Akanyoosha kidole kwenye theluji. "Hata huko zimefika. Mwisho wa 1984 Waingereza wawili, binamu Nicholas na Richard Crane, walifika nazo kileleni." Mita 5,895, bwana. Mimi Mbagala tu inanitoa jasho.

Tukarudi kwenye ile ya tatu. Mjomba akapitisha ukucha kwenye kila kiungio akitafuta ufa. Akaangalia chini ya bomba, nyuma ya usukani, kama rangi imekunjamana, maana hapo ndipo baiskeli iliyogonga hujitangaza. Akachomoa bomba la kiti, akamulika ndani kwa tochi ya simu, kwani kutu huanza ndani. Kisha akagonga bomba katikati kwa kidole: ting! Bomba zuri ni nene ncha zote mbili na jembamba katikati, hivyo linalia. Pale chini ya kiti palikuwa na kibandiko kimebanduka nusu: Tange, Wajapani mafundi wa mabomba. Mjomba akakifunika kwa kiganja haraka.

"Shilingi ngapi hii ya kizamani?"

"Laki mbili na themanini."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Tukaondoka nayo kwa laki na sabini.

Kuijaribu, nikakamata barabara ya kupanda Old Moshi, kati ya migomba na kahawa. Kupanda, ulimi nje. Kushuka, nilikuwa nangoja ile kah! huku nimefumba mdomo kulinda meno yaliyobaki. Haikuja. Fremu ilikuwa inanesa kidogo tu kwenye mashimo, kama kitanda cha kamba.

Sasa ipo Mbagala na kreti zake mbili. Juzi kishikio cha keria kilikatika, nikaenda kwa fundi yule yule aliyenikataa. Dakika kumi, shilingi elfu tatu, nikaendelea na mikate. Safari hii hela aliipokea.

Kikoba wananidai marejesho matatu. Mama bado anaikagua kila jioni kabla sijala. Sumaku mjomba alinipa niondoke nayo, naitembeza mfukoni. Mwenye nia ya kununua anitafute kijiweni, nitamwazima. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.