Peleka Mbele!

Makambako ni njia panda. Ukitoka Iringa, ukikata kushoto unaenda Njombe na Songea, ukinyoosha unaelekea Mbeya, na reli ya TAZARA nayo inapita papo hapo. Ni mji wa watu wanaosubiri: basi, lori, treni, au upepo upungue. Ndiyo maana mabanda ya video yalishamiri, na mimi muvi za Marekani nilizijulia humo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Mabenchi yalikuwa ya mbao mbichi, ukikaa vibaya unaondoka na utomvu kwenye suruali. Nje jenereta linanguruma, mlangoni kuna ubao wa chaki: LEO ANODI NDANI YA KOMANDO. Uhakiki ulifanyika kwa mdomo na matokeo yake yalikuwa papo kwa papo. Wazungu wakikaa sana mezani wakiongea, banda zima lilipaza sauti, "Peleka mbele!", na mwenye deki alipeleka. Sijaona mwongozaji wa Hollywood aliyewahi kuhukumiwa kwa kasi ile.

Nusu ya watazamaji walikuwa abiria. Mtu anaingia picha limefika katikati, anauliza jambo moja tu: "Steringi yupi?" Anaonyeshwa. Adui je? Anaonyeshwa. Basi, tayari yumo. Komando ya 1985 ilikuwa ya kuingilika popote: baba kaibiwa binti, anamfuata. Honi ikilia unatoka na kisa chako kimetosha. Hata Titanic ya 1997, iliyomeza kama dola milioni 200, ilitushika, hasa alipoisimulia Lufufu, mtafsiri wa muvi, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya tafsiri na utani. Meli inazama, mapenzi yanazama nayo, hakuna wa kuuliza.

Baadaye zikaja CD, kisha DVD za muvi nyingi kwenye sahani moja, kisha flashi. Nilishahamia Njombe mjini, ambako baridi ya Juni na Julai inamfanya mtu aangalie muvi akiwa ndani ya blanketi, peke yake, simu kifuani. Banda likabaki na mpira wa Uingereza.

Mwaka 2019 banda moja la Makambako lilionyesha Avengers: Endgame, nami nilikuwa napita. Ilitajwa kugharimu zaidi ya dola milioni 350. Jirani yangu, dereva wa lori, akauliza swali lile la zamani: steringi yupi? Vijana wakatazamana. Mmoja akaanza kumweleza, akarudi muvi ya nyuma, akarudi nyingine. Ile ilikuwa ya 22 katika mfululizo wa Marvel. Dereva akanyanyuka kabla maelezo hayajaisha.

Mwaka huohuo Martin Scorsese alizifananisha muvi za Marvel na viwanja vya michezo ya kubembea, na wengi wakamuona mzee mwenye wivu. Mimi kilichonikera kilikuwa kingine: kifo kimeshuka bei. Kwetu steringi hafi, sawa, lakini rafiki wa steringi akifa, amekufa, na banda linanyamaza. Humu nusu ya viumbe wote waliangamia muvi ya Avengers iliyotangulia, wakarudishwa hii. Tony Stark alipokata roho mwishoni, nani amlilie, wakati wenzake wametoka kufufuka mbele ya macho yetu?

Fedha si tatizo peke yake. Indiana Jones wa 2023 alitumiwa kama dola milioni 300, na Harrison Ford, mzee wa miaka 80, akafutwa makunyanzi kwa kompyuta. Nilichokiona ni uso usio na uzito. Lakini Top Gun: Maverick ya mwaka mmoja nyuma nayo haikuwa ya bei ya chee, na ilinishika shingo, kwa sababu waigizaji walipakiwa kweli kwenye ndege za kivita na mashavu yao yanaonyesha.

Mpwa wangu, anayejaza muvi kwenye flashi mjini Njombe, hakubali.

"Mjomba, bunduki ya Komando iliisha risasi lini?"

"Haikuisha. Ila tulijua anampigania nani."

Akacheka, akaendelea kumjazia mteja Fast & Furious zote, kwa mpangilio, maana mteja kasema hataki kuanzia katikati.