Pikipiki ya mjomba, kitabu cha babu

Leo, mpenzi msomaji, funga mkanda twende Ukerewe. Sisemi kile kisiwa cha Ziwa Victoria, nasema Uingereza kwenyewe, mji wa Birmingham, kitongoji cha Small Heath. Usitegemee makasri na Big Ben. Huku ni nyumba za matofali mekundu zilizobanana kama mabehewa, maduka ya Wapakistani na Wasomali, na mvua ile isiyonyesha wala kuacha. Ukipita na kanzu yako hakuna anayekukodolea macho.

Hapo ndipo anapoishi mjomba wangu, dereva wa basi, miaka ishirini na ushee sasa. Na hapohapo, barabara ya Armoury, ndipo kilipokuwa kiwanda cha BSA. Kirefu chake ni Birmingham Small Arms. Walianza mwaka 1861 na bunduki, ndo maana nembo yao ni bunduki tatu zilizoegemezana. Baadaye wakaingia kwenye pikipiki, wakatisha dunia nzima. Usiku wa Novemba 19, 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga mabomu, wafanyakazi 53 wakafa. Kiwanda kikainuka tena. Kilichokuja kukiua ni hasara, miaka ya mwanzo ya 1970, na mwaka 1977 majengo yakavunjwa.

Nilitaka kupaona kwa sababu ya babu. Babu alikuwa na BSA B31 ya mwaka 1956, pale Morogoro, na mtaa mzima ulijua akirudi kwa mlio. Mwaka 1974 shida zikambana, akaamua kuiuza. Mnunuzi akafungua kitabu cha usajili, akaangalia namba ya injini, akaangalia namba ya fremu, akacheka. "Mzee, mbona hizi haziendani? Hii ya kuungaunga. Isije ikawa injini ya wizi." Babu akashindwa kujibu. Akaiachia kwa bei ya kutupa, na maneno yakabaki mtaani kwamba mzee fulani alikuwa anaendesha kitu cha magendo. Mjomba alikuwa na miaka kumi, amesimama mlangoni, anasikia.

Sasa unaelewa kwa nini mjomba, mtu wa kuhesabu hata majani ya chai, ameweka pauni elfu nane benki kwa ajili ya pikipiki kuukuu. Na sharti lake ni moja tu: namba zilingane.

Twende taratibu hapa. Kila pikipiki ina namba mbili zilizogongwa kwenye chuma, moja kwenye injini na moja kwenye fremu, ile ambayo kwetu kwenye kadi tunaiita ya chasisi. Kwa wakusanyaji wa pikipiki za kale, namba zikilingana maana yake injini na fremu vilizaliwa pamoja kiwandani na havijawahi kuachana. Bei inapanda hapohapo. Zikipishana, mnunuzi anakunja uso.

Jumapili tukaenda Meriden, kijiji kilicho kati ya Birmingham na Coventry. Waingereza wa zamani walipaita kitovu cha nchi yao. Triumph walihamia hapo mwaka 1942, baada ya kiwanda chao cha Coventry kuteketezwa kwa mabomu. Hapo ndipo ilipotengenezwa Bonneville, iliyoanza kuuzwa kwa msimu wa 1959 na kupewa jina la jangwa la chumvi la Marekani wanakoshindania mwendokasi. Mwaka 1973 wafanyakazi walipoambiwa kiwanda kinafungwa waliziba mageti, na mwaka 1975 wakakiendesha wenyewe kama ushirika. Walijikongoja hadi 1983. Leo hakuna kiwanda, kuna nyumba za watu na maua. Kilichobaki ni majina ya vichochoro: Bonneville Close, Daytona Drive. Mjomba alisimama kwenye kibao akanyamaza kama yuko makaburini.

Kutoka hapo tukaenda kwa muuzaji. Tulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, fundi mstaafu, rafiki wa mjomba kutoka kwenye basi. Pikipiki yenyewe, acha bwana! Bonneville ya 1967, tangi linang'aa, ukipiga kiki moja tu imeitika. Muuzaji akaonyesha injini, upande wa kushoto chini ya silinda: T120, halafu DU na tarakimu zake. Akaonyesha shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia: vilevile, tarakimu kwa tarakimu. Mjomba mkono ukaanza kuelekea mfukoni.

Yule mzee hakusema kitu. Akawasha tochi, akapitisha kidole juu ya namba, akarudia. Kisha akatuita pembeni.

Tarakimu, akasema, ni halali kabisa. Tatizo ni yale maandishi ya mbele, T120. Pale chuma kimelika kidogo kuliko pembeni, kama kimepigwa tupa, na ile T imelala kidogo. Akatupa somo. Triumph walikuwa na ndugu wawili, Bonneville T120 na TR6. Injini karibu ni ileile, ila Bonneville ina kabureta mbili na TR6 ina moja. Bonneville ndiyo yenye jina na ndiyo yenye bei. Kwa hiyo mjanja ananunua TR6, anafuta herufi zake, anagonga T120 kwenye injini na kwenye fremu, anafunga kabureta mbili. Namba zinalingana vizuri, lakini uongo ni uleule kila sehemu! Kiwanda chenyewe kilistuka: kuanzia 1969 kikaanza kugonga namba juu ya vinembo vidogo vidogo vya Triumph, ili anayefuta namba afute na vinembo ajulikane.

"Mjomba, tuondoke," nikanong'ona. Muuzaji akasema saa kumi kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu. Mjomba akamjibu kwa adabu amkaribishe sana.

Kuna chama kinaitwa VMCC, cha tangu 1946, kinachotunza madaftari ya viwanda: namba gani ilitoka siku gani, ikaenda wapi. Mjomba akawaandikia kuulizia ile namba. Jibu likaja: ilitoka Meriden ikiwa TR6. Pauni elfu nane zikapona.

Ila mimi kilichonigusa ni kingine. Njiani kurudi mjomba alimsimulia yule mzee habari ya BSA ya babu. Mzee akageuka kabisa kwenye kiti. "Nani aliwaambia BSA ya 1956 namba zake zinalingana? Hazikulingana tangu kiwandani!" Akaeleza kwamba miaka ile BSA waligonga injini kwa hesabu yake na fremu kwa hesabu yake. Hata Vincent zile za silinda mbili, ghali kupita maelezo, namba ya fremu inaipita ya injini kwa 1900 kamili, na ndivyo inavyotakiwa. Honda CB750 za mwanzo, za 1969, nazo hazikutoka kiwandani na namba zinazofanana. Na kuna Triton, injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton, vijana waliziunga wenyewe makusudi na leo zinapendwa vilevile.

Mjomba hakujibu mpaka tunafika Small Heath. Akapanda ghorofani, akashuka na kitabu cha babu. Kumbe anacho miaka yote, kwenye mfuko wa nailoni.

Akaandika barua ya pili, na namba zote mbili ndani. Ikachukua wiki kadhaa. Jibu lilikuwa mistari mitatu: injini ile na fremu ile zimeandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari, pikipiki moja, iliyotoka Small Heath 1956. Kutoka pale alipokaa mjomba akiisoma ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Babu alifariki 1998. Bibi yupo, tukampigia simu Morogoro. Mjomba akasoma barua yote, anatafsiri huku sauti inakatika. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Yule mnunuzi alijua. Alitaka rahisi tu."

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua bodaboda ya mkononi, usiishie kwenye kadi. Inama uangalie chuma chenyewe, pitisha kidole, na uliza aina hiyo kiwandani waliigongaje. Anayekuharakisha muage. Na anayeicheka pikipiki yako wakati anaitaka, muulize kwanza amejifunzia wapi.