Kijana Aliyerudi na Sanduku Lake

Ndugu msomaji, huenda nawe nyumbani mwako unaye kijana anayesoma hisabu chuo kikuu, na huenda umekwisha kumwuliza swali lile nililomwuliza mimi mjukuu wangu: "Haya mnayosomeshwa yatakufaa nini?" Kabla hujaliuliza mara ya pili, nisikilize kidogo.

Nilisomesha hisabu katika sekondari za pwani kwa miaka mingi. Mwaka 1986 mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi, alipata nafasi ya chuo kikuu. Mama yake alisomesha maulidi kwa furaha. Kijana yule alikuwa na wepesi wa kukokotoa ambao sijauona tena. Baada ya mwaka mmoja akarudi na sanduku lake. Akaniambia, "Maalim, kule si hisabu. Namba hazionekani. Kila siku ni herufi na maneno, na mwalimu akijaza ubao hufuta. Haelezi yametoka wapi wala yanakwenda wapi." Nikamwambia avumilie. Hakuvumilia. Leo ana duka la nyavu na kamba, na hali yake ni njema, alhamdulillahi. Lakini jambo lile halikunitoka moyoni. Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa la mwalimu yule, kwani ni mimi niliyemzoeza kuwa hisabu ni kupata jawabu.

Hisabu ya chuo kikuu ni burhani. Huko huulizwi ni ngapi tu. Waulizwa umejuaje, na je, haiwezi kuwa vinginevyo? Wala sisi si wageni wa jambo hili. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, aliweka humo sehemu kubwa ya wasia na mirathi, mambo ya kila nyumba. Lakini hakutosheka na kutoa majawabu: alichora miraba kuonyesha kwa nini njia yake ni sahihi. Mimi nilisomesha njia, miraba nikaiacha.

Sasa mjukuu wangu ananieleza kwamba chuoni kwao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wana somo ambalo kila wiki huletewa jambo jingine: mara namba tasa, mara nakshi zinazojirudia, mara vipimo vya kisichokuwa na mwisho. Huonjeshwa tu, kisha mwenye kupenda hufuata. Ndipo nilipouliza lile swali langu la faida. Hakunijibu. Alichukua karatasi akanichorea madaraja.

Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad katika Urusi, ulikatwa na mto mapande manne, na mapande hayo yaliunganishwa kwa madaraja saba. Je, mtu aweza kutembea akapita kila daraja mara moja tu, asirudie hata moja? Nilijaribu mpaka adhana ya magharibi ikanikuta. Bibi yake naye akajaribu, akasema hapana budi kuna daraja limesahauliwa kuchorwa.

"Babu," akasema, "pande unalolipitia njiani, waliingia kwa daraja moja na kulitoka kwa jingine. Basi madaraja yake huenda mawili mawili. Pande lenye madaraja ya witiri, lazima safari ianzie hapo au iishie hapo." Na safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Königsberg, pande moja lilikuwa na madaraja matano, na mengine matatu matatu: yote manne witiri. Basi haiwezekani, hata mtu angetembea miaka mia. Hivyo ndivyo Leonhard Euler alivyoeleza mwaka 1735 mbele ya Akademia ya St. Petersburg.

Msomaji, hapo hapana kuzidisha wala kugawanya. Na katika swali hilo la matembezi ilichipuka elimu ya mitandao, inayotumika leo kupanga njia za magari na za simu. Kanuni nyingine ya Euler, ya mabaki ya kugawanya, ya mwaka 1763, ilingoja zaidi ya miaka 200 hata Rivest, Shamir na Adleman wakaitumia mwaka 1977 kufungia siri za maandishi. Nayataja haya kwa ajili yetu sisi wazee tupendao faida. Mjukuu wangu hayakumshughulisha.

Juma lililofuata nilikwenda kwenye duka la nyavu. Nilichora madaraja saba nyuma ya risiti, nikamwachia mwenyewe bila ya kusema neno. Siku ya tatu alibisha hodi kwangu mara tu baada ya sala ya alfajiri.

"Maalim, haipitiki. Witiri zimezidi."

Hakuna aliyemwambia. Akakaa barazani, akaikunja ile risiti, akauliza, "Hii ilikuwapo wakati ule nilipokuwa chuoni?"

Nikamwambia ilikuwapo tangu 1735.

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mjukuu wangu anazo nyingine.