Wale Waliodanganywa

Jumamosi, 20 Aprili 2024. Bungoma
Nimefika jioni, nimelowa chapachapa, nikamkuta Mama shambani na jembe. Kupalilia kwenye mvua? Kumbe hataki niliangalie shamba. Mahindi yamegota kwenye kifundo cha mguu, majani zambarau pembeni. Ya ng'ambo ya ua nayo vivyo hivyo. Ya kule barabarani yanafika gotini.
"Mama, ulipandia mbolea gani?"
"Mbolea ni mbolea. Ni baridi tu hiyo."
Baridi. Bungoma!
Usiku nimeona mfuko uliobaki. Umeshonwa vizuri, una maandishi na picha ya hindi nono. Nimetia konzi moja kwenye kikombe cha maji, nikalala.

Jumapili, 21 Aprili
Tope la kijivu na kokoto. Nimempelekea Mama kikombe. Hakukitazama. Alimwaga, akakisugua kwa jivu, akaninywesha chai humo humo.
Baada ya kanisa jirani kanivuta kando. Naye alinunua mbolea kwenye pikapu ile ile iliyomuuzia Mama. "Usimwambie mama yako." Nafika nyumbani: "Usimwambie jirani." Mtu mmoja kawauzia, asubuhi moja, na kila siku wanasalimiana uani kana kwamba hakuna kitu.

Alhamisi, 2 Mei. Kitale
Bunge limepiga kura. Hoja ya Wamboka, mbunge wetu wa Bumula: Linturi, Waziri wa Kilimo, ang'oke kwa ajili ya mbolea feki. Ndio 149, la 36. Nimempigia Mama mbio mbio.
"Nimesikia redioni," anasema. "Maskini, wale waliodanganywa."
Wale!

Ijumaa, 3 Mei
Rais kasema shule hazifunguliwi mpaka itangazwe. Mafuriko. Nimeshinda ndani na daftari nisilosahihisha.
Nawaza. Ukiibiwa kuku unapiga mayowe, kijiji kizima kinatoka na rungu. Ukiuziwa udongo unanyamaza, maana mayowe yenyewe yatakutaja wewe: msomi wa nini, hata mbolea hujui? Mwenye pikapu analijua hilo. Udongo ni wa bure, popote anachota. Anachotegemea hasa ni aibu ya Mama. Wanaume wa soko la Kitale nao ni wale wale, wanalaani "matapeli" kwa sauti, ukiuliza nani kadanganywa, kila mmoja anamtaja shemeji.

Jumatatu, 13 Mei
Shule zimefunguliwa, nusu ya watoto hawajafika. Jioni, kamati ya Bunge: wanakamati 11, saba wamesema mashtaka hayana msingi. Linturi huru. Chumba cha walimu kicheko kitupu, halafu kimya, halafu mwalimu wa hesabu akasema yeye pia. Mifuko minne. Hakuna aliyecheka.
Saa mbili usiku simu. Mama! Ameenda kwa chifu.
"Kufanya nini?"
"Wanaandika majina ya watu wa fidia. Nimesema niliuziwa udongo, na huyu jirani hapa pia aliuziwa. Karibu azimie."
Risiti hawana. Pikapu haitoi risiti. Majina yameandikwa pembeni, kwa penseli. Lakini amesema! Mbele ya baraza zima! Sijalala kwa furaha, na kesho nina kipindi cha kwanza.

Alhamisi, 11 Julai
Rais amelivunja baraza la mawaziri. Linturi kaenda na wenzake. Si mbolea iliyomtoa, ni vijana walioandamana barabarani na hasira zao za Juni. Fidia? Penseli ile haijasomwa na mtu.
Mama kang'oa nusu ya shamba, kapanda viazi vitamu. Nusu nyingine kaiacha na vihindi vyake ili yeyote apitaye aone, na akiulizwa anasimulia: rangi ya pikapu, bei, namna yule kijana alivyomwita "mama yangu". Wanawake wa njia ile sasa wanajua wote. Ugomvi uliobaki ni wa ua: jirani anadai kwamba kule kwa chifu yeye ndiye aliyesema kwanza.